Rudia, Mwalimu

Kila mtu Nyakato, mjini Mwanza, aliijua sauti ya Getruda Malimi, hata wale wasioijua sura yake. Ndiyo iliyotangaza minada ya mitumba, mechi za mtaani, misiba, na maduka mapya yaliyokuwa yakifunguliwa kila kona tangu biashara binafsi iliporuhusiwa. Pikapu yake ya bluu ilipopita na spika mbili juu ya paa, wanawake waliacha kupepeta mchele ili wasikie vizuri.

"Huyo hasemi," walisema. "Anachonga maneno."

R yake ilikuwa r na l yake ilikuwa l, katika mji ambao nusu ya watu huzichanganya hizo mbili kama mchele na chuya. Ambacho hawakukijua ni kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu alipokuwa darasa la tatu. Aliyeliua aliingia ofisini kwake asubuhi moja ya mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, amevaa suti ya Kaunda ya kijivu na kofia ya chama.

"Hodi hapa."

"Karibu." Getruda aliinua macho kutoka kwenye amplifaya aliyokuwa akiifuta vumbi. Mikono yake ikasimama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Kumbe unanijua?"

"Nani Nyakato asiyemjua Mwalimu Venant?"

Mzee akacheka kwa kuridhika, akaketi. Getruda alizungusha stuli yake ili mgeni awe upande wake wa kulia. Alifanya hivyo kwa kila mteja na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Nimeacha chaki mwezi wa sita," Mwalimu alisema. "Nagombea udiwani. Zamani jina likishapitishwa huko juu, umepita. Siku hizi lazima watu wakusikie. Na nimeambiwa wewe ndiye mwenye ulimi safi. Hao vijana wengine wa matangazo watanizungusha mtaani wakipiga kelele, 'Mpeni Mwalimu kula! Mpeni Mwalimu kula!' Nitaonekana nimekuja kuomba ugali."

"Watu watacheka," Getruda alisema.

"Watacheka sana! Mimi ugonjwa huo wa ulimi nimepigana nao darasani miaka yote. Nimewanyoosha wengi." Akakunjua kiganja chake cha kulia, akakiweka mezani. "Kwa huu hapa."

Kilikuwa kiganja kipana, chenye vidole vinene. Kilikuwa kimezeeka. Getruda alikitazama kama mtu anavyotazama panga lililopotea nyumbani kwao likarudi limeshikwa na jirani.

"Na nikipata udiwani," mzee aliendelea, "jambo la kwanza ni shule. Nitaiongoza kamati yake. Walimu wa sasa wamelegea, watoto wanachekacheka ovyo. Nitarudisha adabu. Wewe ulisoma wapi, binti?"

"Nilianzia hapa hapa. Nikamalizia Sengerema."

"Kwa mwalimu gani?"

"Walikuwa wengi," Getruda alisema. "Mkutano wako mkubwa ni lini?"

"Jumamosi ijayo, pale uwanjani nyuma ya viwanda."

"Nitakutangaza, Mwalimu. Na siku yenyewe nitakushikia maiki."

Mzee alipoondoka, Getruda aliirudia amplifaya yake, akaifuta pale pale alipokwisha kuifuta.

Darasa la tatu lilikuwa na madawati mabovu na dirisha moja. Siku ile walikuwa wakisoma kwa sauti, mmoja mmoja, na zamu ilipomfikia Getruda alikutana na neno barabara. Nyumbani kwao walizungumza Kisukuma tangu jogoo anawika mpaka moto unazimwa. Ulimi wake haukuwa na mahali pa kuiweka ile r.

"Balabala," alisoma.

Kofi la kwanza lilimtoa kwenye dawati.

"Ludia!" Mwalimu alinguruma.

Maana Mwalimu Venant naye alikuwa mtoto wa Magu, mwana wa wafugaji, na Kiswahili chake chote kizuri alikuwa amekivaa kama viatu. Akikasirika, vilimvuka. Hasira ilimnyang'anya r zote. Darasa zima lilijua, na hakuna aliyethubutu hata kutabasamu.

Getruda hakuwa na nia ya kumcheka. Alikuwa akitetemeka, machozi yamemfunika macho, na alidhani amepewa neno jipya la kusoma. Mtoto mtiifu, alilisema kama alivyolisikia.

"Ludia."

Kule nyuma mtu akaguna kicheko. Kofi la pili lilikuja na bega zima. Alisikia kitu kama boga lililodondoshwa kwenye jiwe, kisha mlio mrefu kama meli inayoaga bandari, na baada ya hapo upande wa kushoto wa dunia ukafungwa.

Mama yake alimtia mafuta ya uvuguvugu, akamtia maji ya majani. Usaha ukatoka, ukalowesha mto. Homa ikapanda. Msichana akawa anayumba akitembea, akaanguka na ndoo ya maji mbele ya watu. Walipovuka kwa kivuko kwenda hospitali ya Sengerema, daktari alimulika tochi ndani ya sikio, akakunja uso.

"Ngoma ya sikio imepasuka. Alianguka huyu?"

Mama alitazama sakafu. Mwalimu ni mwalimu, anashtakiwa wapi? "Alianguka," akasema.

Uongo ule Getruda aliusikia kwa sikio lililobaki. Miaka yote baadaye hakumlaumu mama yake kwa hilo. Hesabu yote aliiweka upande wa Mwalimu.

Daktari hakuweza kuyaona yale mengine kwa tochi. Msichana mkubwa alianza kukojoa kitandani. Kila kulipokucha siku ya shule tumbo lilimkata, akatapika uji, na Jumamosi asubuhi tumbo likawa zima. Aliacha kabisa kusema darasani. Walimu waliofuata walimkuta bubu, wakamwandika mjinga, wakamsogeza nyuma, mbali zaidi na ubao, na kule nyuma hakusikia chochote, akawa mjinga kweli.

Alihamishiwa Sengerema kwa shangazi yake, karibu na ziwa. Huko kulikuwa na majabali makubwa ambayo watu walianikia dagaa. Getruda alipanda juu yake peke yake, akaweka mkono kooni ili ahisi mtikisiko ambao hakuweza kuusikia sawasawa, akayaambia maji: barabara. Balabara. Barabala. Barabara. Ndege waliruka. Aliendelea hadi ulimi ukamvimba, na siku r ilipotoka safi, ikanguruma kooni chini ya vidole vyake, hakufurahi. Aliwaza: siku moja nitamsomea yeye.

Basi siku hiyo ilikuwa imekuja yenyewe, imevaa kofia ya chama.

Lakini Getruda hakuchukua kazi ile kwa ajili ya sikio lake tu. Binti yake Selina alikuwa darasa la tatu katika shule ile ile, na hadi mwezi wa sita alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Venant. Tangu mwanzo wa mwaka mtoto alikuwa akitafuna kucha mpaka damu. Kisha ukaja mkeka uliolowa. Kisha tumbo la Jumatatu. Getruda alipoliona tumbo lile la Jumatatu alimkalisha mtoto mbele yake.

"Amekupiga, Selina?"

"Hajanipiga mimi. Amempiga Akelo. Anakaa na mimi dawatini." Mtoto aligusa sikio lake la kushoto. "Akelo siku hizi nikimwita hageuki."

Getruda alikwenda kwa mwalimu mkuu. Alikaribishwa kiti na kuambiwa kwa upole kwamba mzee anaacha kazi karibuni, mama Selina avumilie kidogo. Akavumilia. Mzee akaacha kazi, Selina akaanza kulala mkavu siku mojamoja. Na sasa mzee alitaka kurudi, safari hii juu ya walimu wote.

Wiki nzima pikapu ya bluu ilizunguka. "Mpe kura Mwalimu Venant! Mwalimu wa watoto wetu! Mpe kura!" Dereva wake, Pius, alikuwa kijana asiyejua kunyamaza.

"Dada Getu, huyu mzee alimng'oa kaka yangu nywele. We unampenda kweli?"

"Kata kona, Pius."

"Au umeshaahidiwa cheo?"

"Kata kona, nimesema."

Hakumwambia. Hakumwambia mtu. Kisasi kikisemwa mapema hupoa kama chai. Lakini kuna mtu alipaswa kumwambia, na hakulifikiria hilo hadi alasiri moja aliporudi nyumbani akamkuta Selina amechuchumaa nje ya ua, sketi ya shule imelowa, hataki kuingia.

"Gari lilipita shuleni," mtoto alisema. "Sauti yako inasema Mwalimu arudi."

Getruda alipiga magoti kwenye vumbi.

"Na wewe uko upande wake?" Selina aliuliza.

"Njoo mkutanoni Jumamosi."

"Siji!"

"Utakaa ndani ya gari na kaka Pius, vioo vimefungwa. Usipotaka kusikia, ziba masikio. Lakini uje uone niko upande gani."

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu wa zamu ya asubuhi viwandani walikuja na ovaroli zao, wanawake wa sokoni wakaja na mabeseni, na watoto, kama kawaida ya mikutano, wakaketi chini mbele kabisa, miguu imekunjwa. Mwalimu Venant alihutubia vizuri. Alikuwa mtulivu, amevaa viatu vyake vyote vya Kiswahili. Barabara, soko, maendeleo, hakuna r iliyomponyoka. Watu wakapiga makofi. Akaketi akipangusa jasho.

Getruda alichukua maiki. Ile ya pili aliiacha mezani mbele ya mgombea, imewashwa.

"Waliosoma kwa Mwalimu Venant wako wapi? Nyoosheni mkono tuwaone!"

Mikono ikaota uwanja mzima. Mwalimu akatabasamu, akainua kofia.

"Sasa tumkumbushe Mwalimu wetu darasa. Mchezo mdogo tu. Mkono mmoja ubaki juu. Kwa mkono wa pili, zibeni sikio la kulia. Kwa kidole, hivi. Zibeni sawasawa, msiniibie!"

Wakacheka, wakaziba. Getruda alipunguza sauti ya amplifaya kwa kidole gumba hadi ikawa sauti ya mtu anayeongea mezani. Kisha akasema, "Wanaonisikia, shusheni mkono."

Mikono ikashuka kama nyasi zinazofyekwa.

Si yote. Kule karibu na mabeseni mama mmoja muuza nyanya alibaki amenyoosha mkono, anatabasamu, anasubiri kuambiwa la kufanya. Kando yake fundi baiskeli. Kule nyuma kijana wa kiwandani, na mwingine, na mwingine. Walisimama huku na huko katika umati, mikono juu, nyuso zimejaa uchangamfu, hawajui kwamba neno limekwisha kusemwa na wenzao wamekwisha kulitii. Mke wa fundi alimvuta shati mumewe, akamtazama usoni kama aliyemwona kwa mara ya kwanza. "Baba watoto," alisema. "Kumbe siku zote nikikuita unanyamaza ulikuwa hunisikii?"

Kwa miaka mingi Getruda alikuwa amewaona watu hawa, dukani na kanisani, wanaogeuza shingo upande mmoja kama yeye. Hakuwahi kuwaona wote pamoja. Akabana maiki kwapani, akanyoosha mkono wake mwenyewe, kidole ndani ya sikio la kulia, akasimama nao. Kisha akapandisha sauti mpaka spika zikatetemeka.

"Mkono wa kulia wa mwalimu hutua sikio la kushoto! Mimi ni Getruda Malimi, darasa la tatu, dawati la dirishani. Nilishindwa kusoma neno moja. Mwenzangu yule nyanya zake mnanunua, naye alishindwa neno. Na mtoto Akelo, aliyeko darasa la tatu leo, ameshindwa neno. Adabu anayotaka kuirudisha ndiyo hii mnayoiona imesimama!"

Mwalimu Venant aliinuka. Kiti kikaanguka. Alinyakua maiki ya mezani, na Getruda aliona, kwa furaha iliyompanda kama joto la pombe, ile hasira ya zamani ikija, ikivua kiatu kimoja, ikivua cha pili.

"Huyu mwanamke ametumwa!" mzee alipiga kelele. "Nitamshitaki selikalini! Msimwamini! Nipeni kula! Nasema nipeni kula zenu, muone nitakavyoludisha adabu!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko.

"Anataka kula!"

"Hata cheo hajapata, njaa imeshamshika!"

"Mpelekeeni sahani!"

Getruda alileta maiki karibu na midomo. Hakupaza sauti. "Rudia, Mwalimu," alisema.

"Nyamaza wewe!"

"Sema: kura."

"Kula!"

"Rudia."

"Rudia!" umati ukaitikia, wale wenye ovaroli, wale wenye mabeseni. "Rudia! Rudia!"

Mkono wa kulia ukapanda. Ulipanda kwa mazoea ya miaka, kiganja wazi, bega nyuma yake. Na kabla haujaanza kushuka, watoto wote waliokaa chini mbele, wakubwa kwa wadogo, bila kuambiwa na mtu, waliziba masikio yao ya kushoto.

Kicheko kilikatika. Mwalimu Venant aliwaona. Aliwatazama safu kwa safu, mkono ukiwa bado juu.

Getruda alimgeuzia shavu la kulia. "Limebaki hili," alisema ndani ya maiki. "Malizia."

Mkono ukashuka polepole, ukajificha mfukoni. Ndani ya pikapu, Pius alisimulia baadaye, Selina alikuwa ametoa vidole masikioni na kushusha kioo.

Mwalimu Venant hakupata udiwani. Hata mtaani kwake mwenyewe watoto walimsindikiza hadi mlangoni wakiimba kula, kula, na presha ikampanda akalazwa. Getruda aliposikia amelazwa alipika wali, akala akashiba. Lakini hata Getruda mwenyewe hakutoka mzima. Vyama vyote vikaogopa maiki yake. Mwenye kiwanda cha minofu ya samaki, mteja wake wa siku zote, akampa kazi mtu mwingine. Pikapu ikakaa uani wiki kwa wiki, kuku wakalala juu ya bodi. Selina aliendelea kulowesha mkeka baadhi ya siku. Akelo aliendelea kutogeuka.

Ndipo asubuhi moja baba mdogo Mashimba, aliyekuwa mkubwa wa ukoo tangu baba yake Getruda afariki, akafika na Mwalimu Venant mwenyewe, amekonda, anatembea kwa fimbo.

"Mwangaluka, Getu."

"Mwangaluka, baba mdogo. Shikamoo. Karibuni viti." Kwa Mwalimu pia alitoa shikamoo, kwa sababu alilelewa. Kisha akaketi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aligeuza stuli kinyume, sikio la kushoto likawaelekea wageni.

Baba mdogo alizungumza sana. Kutoka kule ng'ambo vilimfikia Getruda vipande: mzee, aibu, mbele ya wajukuu, wateja wako watarudi, yaishe. Mwishowe Mashimba akachoka, akasogeza kiti upande wa pili.

"Neno moja tu, mwanangu. 'Samahani, Mwalimu.' Linakupunguzia nini?"

"Nilifundisha kama nilivyofundishwa," Mwalimu Venant alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi kule Magu nilichapwa ulimi. Ulimi wenyewe, kwa rula, kwa ajili ya hiyo hiyo herufi. Sikulia."

Getruda alimtazama mdomoni. Alimwona yule mtoto wa Magu, alimwona vizuri kabisa, mdomo wazi, akingoja rula. Akamhurumia yule mtoto. Huruma haikuvuka kufika kwa mzee.

"Basi ulijua inavyouma," alisema.

"Lakini utazame huo ulimi wako! Nani Mwanza nzima anasema kama wewe? Huoni kama nilikusaidia?"

"Ulimi huu niliufuata peke yangu juu ya majabali. Kwako nilichukua usaha."

"Getu!" baba mdogo alifoka. "Mzee huyu anaumwa! Muombe radhi, tuondoke."

Selina alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, anasikiliza kwa masikio yote mawili. Getruda alimwona. Akainuka, akarudisha stuli mahali pake ili mzee awe upande wa kulia, upande mzima, asiseme baadaye kwamba hawakusikilizana.

"Siombi radhi," alisema.

"Umesemaje?" Mashimba aliuliza, kana kwamba leo sikio bovu ni lake.

Getruda alilirudia polepole, kama imla, na r ilitoka safi, ikanguruma kooni.

"Siombi radhi, Mwalimu."